Je, Tuomo Aliomba?

Petäjäkoski, 9 Machi 2009

Kaka yangu Eelis,

Salamu ya Mungu ikufikie wewe na wifi Impi huko Minnesota. Mimi ni mzima wa mwili. Theluji bado imefika usawa wa dirisha la ghala, na jirani Alpo ananifungulia njia kwa trekta kila asubuhi. Hataki shukrani, anataka kahawa, na akishaipata haondoki. Pole kwa goti lako.

Tulimzika Tuomo Jumamosi. Najua usingeweza kuja, usijilaumu. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakusikia maumivu. Alikuwa amekaa nje ya sauna anavaa viatu. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni tayari.

Sasa nikueleze jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Nilioka mikate ya kutosha ukoo na wenzake wa kiwanda cha mbao. Nilipotoka kanisani niliona uwanja umejaa watu waliovaa nguo nyeusi tupu, wanaume kwa wanawake, nywele mpaka kiunoni, wamesimama kwenye theluji kimya. Nikadhani wamekosea mazishi.

Alpo akaniuliza, “Saimi, hawa ni wa nani?”

“Si wa kwetu,” nikamwambia.

Rauno, yule aliyekuwa akipiga ngoma na Tuomo tangu ujana, alikuwa nyuma yetu. Akasema, “Ni wa Tuomo, Mama Saimi. Wote hao ni wa Tuomo. Hawaingii kwa sababu wanaogopa watakukera.”

Nikamtuma awaite. Waliingia wakipanguza viatu kama watoto wa shule. Mikate haikutosha, na hakuna aliyenung'unika.

Halafu zikaja kadi. Unajua desturi yetu, baada ya kahawa kadi za rambirambi husomwa kwa sauti na hairukwi hata moja. Nilimpa binamu Marketta kazi hiyo nikidhani ni ya dakika chache. Zilitoka Japani, Ugiriki, Chile, Botswana. Kahawa ikapoa, tukachemsha nyingine. Mwisho Marketta akaacha kupambana na majina, akawa anasema tu, “Na huyu naye.” Mmoja wa Kolombia aliandika: Mwanao ndiye aliyetufundisha kwenda polepole. Eelis, mimi nilijua kwamba Tuomo alikuwa na bendi ya hevi metali ujanani, wakaiita Mustahalla, kama ile baridi nyeusi inayoua shayiri, na kwamba baadaye waliirudia kama wengine wanavyorudia kuvua samaki. Sikujua zaidi. Kwa miaka yote aliyonitembelea Jumapili alikuwa akivua kile kizibao chake cha jinzi ndani ya gari kabla hajaingia. Mimi nilimwona dirishani akikivua, naye alijua namwona.

Kizibao hicho nimekifua. Kilikuwa kimejaa viraka vyenye majina ya bendi na kilinuka moshi na jasho, nikaona aibu kumpa Rauno kitu kichafu cha marehemu. Nikakichemsha kabisa. Nilipomkabidhi, kimepigwa pasi, alikaa chini. “Umekifua,” akasema. “Kwa sabuni?” Kumbe hawavifui vitu hivyo hata siku moja, maisha yote. Niliomba radhi, akacheka, kisha akalia mbele yangu, mtu wa miaka arobaini na mitano.

Sasa hili ndilo ninalokuandikia. Tuomo aliacha nyumba ya sala akiwa na miaka kumi na tisa. Msimu wa majani kupukutika, mwaka juzi, alikuja kwako akakaa siku kadhaa. Wewe ni mhubiri. Kwetu maneno ya msamaha hayasemwi hewani; anayehitaji huomba mwenyewe, na muumini aliye karibu humwambia sikioni: amini, dhambi zako zimesamehewa kwa jina na kwa damu ya Yesu. Kwangu hakuomba. Je, kwako aliomba? Ulimwambia?

Amani ya Mungu,
Saimi


Cokato, 2 Aprili 2009

Dada Saimi mpendwa,

Salamu ya Mungu. Barua yako ilifika, tukaisoma mezani mimi na Impi, naye akaenda kusimama dirishani. Anakupa pole nyingi. Yeye mwenyewe aliteleza kwenye ngazi za duka akavunja kifundo cha mkono, sasa mimi ndiye ninayepika. Anasema afadhali angevunja mkono wangu. Barafu ya ziwani imeanza kutoa sauti. Mjukuu wetu wa tano kabatizwa.

Tuomo alipokuwa hapa alikula vizuri. Alitengeneza bomba la jikoni ambalo mafundi wawili walishindwa. Aliamka mapema kuliko mimi na nikamkuta amekwisha kuchemsha kahawa, chungu kama lami, kama ya baba yetu. Alikuwa na adabu. Watoto walimpenda, walimsuka nywele.

Mambo mengine nitaandika vidole vyangu vikiacha kuuma.

Amani ya Mungu,
kaka yako Eelis


Petäjäkoski, 20 Aprili 2009

Kaka Eelis,

Salamu ya Mungu, na pole kwa mkono wa wifi. Mwambie aweke sufu ya kondoo ndani ya kitambaa. Hapa mto umefunguka, maji yamefika kwenye shamba la Alpo, naye anatembea kando yake na mikono mfukoni kana kwamba atayatisha.

Umeniandikia bomba, umeniandikia kahawa. Nakushukuru, nimeyasoma mara nyingi. Lakini nilikuuliza neno moja.

Rauno anakuja siku hizi. Namwekea ndani ya kahawa vipande vya lile jibini letu lililookwa na yeye ananisimulia, na kila akisimulia najiona kama mtu aliyeishi na mwanawe nyuma ya ukuta. Anasema walianzia kwenye pishi la viazi la babu yake. Walitaka kupiga kwa kasi kama bendi nyingine zote za hevi wakati ule.

“Tuomo ndiye aliyeimba, akashindwa,” akasema. “Mimi napiga mbio, yeye yuko nyuma kama ng'ombe aliyeshiba.”

“Si mngemwambia aharakishe?”

“Tulimwambia. Akajibu, ninyi mnafukuzwa na nani?”

Basi wakamfuata yeye. Wakaenda polepole kuliko bendi yoyote. Kwenye ukumbi wa vijana wa Haapajärvi watu walitoka nje wimbo ukiwa umeanza, wakanunua soseji, wakala, wakarudi, na wimbo ulikuwa bado ule ule. Walizomewa. Santuri yao ya kwanza ilipotoka, gazeti moja liliandika kwamba ni sauti ya trekta iliyokwama kwenye kinamasi, dereva akisoma mahubiri. Alpo, aliyekuwa amekaa pale na kikombe chake, akauliza ni trekta ya aina gani.

Mwenye kampuni ya santuri alifilisika. Nakala zilizobaki zilirundikwa kwenye chumba cha tanuri mpaka zikapinda. Bendi ikafa mwaka tisini na moja, Tuomo akaingia kiwanda cha mbao, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kumbe huko nje watu walikuwa wananakili kaseti, wanatumiana kwa posta nchi hadi nchi. Vijana wakaunda bendi zao kwa kuwafuata. Baadhi ya vijana hao wakawa wakubwa, wakajaza viwanja, na kila walipoulizwa na magazeti walijifunza wapi, walitaja Mustahalla ya Petäjäkoski. Siku moja bendi kubwa ya Uingereza ilifika hapa kijijini na basi lao, wakamkuta Tuomo kwenye zamu, ana vumbi la mbao kichwani. Ndipo wakaanza tena.

Sasa sikia hili. Tuomo alikuwa akiniambia kila kiangazi, “Mama, tunakwenda Ujerumani kikazi.” Mimi nikaamini wanakwenda kufunga mashine za kupasulia mbao. Nikawafumia soksi za sufu wote wanne, yeye na wenzake watatu, kwa sababu sakafu za viwanda ni za saruji na saruji inanyonya joto. Rauno anasema walizivaa jukwaani mbele ya watu elfu arobaini, ndani ya buti, katika joto la Agosti. Hakuna aliyethubutu kuzivua. Tuomo alikuwa anakagua.

Tarehe mosi Agosti watapiga kwa mara ya mwisho, kwenye malisho ya kando ya mto, bila yeye. Rauno aliniomba nije nikae mbele. Nimekataa. Nitakaaje pale, wakati sijui mwanangu yuko wapi?

Je, aliomba, Eelis?

Amani ya Mungu,
Saimi


Cokato, 30 Mei 2009

Dada Saimi,

Salamu ya Mungu. Impi amefunguliwa plasta. Tumepanda viazi. Joto limekuja kwa fujo.

Nilichelewa kwa sababu sikutaka kuandika. Sisi ni wazee, Saimi. Kuna mambo mtu humwachia Mungu kwa sababu hana pengine pa kuyaweka. Usiniulize kila barua kama karani wa mahakama.

Hilo la polepole lisikushangaze. Hakulitoa kwa watu wa hevi. Alilivuta kila neno kama mama yetu alivyokuwa akivuta tenzi, mpaka unasahau ubeti ulianzia wapi. Nenda au usiende huko malishoni, hiyo ni juu yako.

Amani ya Mungu,
Eelis


Petäjäkoski, 14 Juni 2009

Kaka Eelis,

Salamu ya Mungu kwenu nyote. Nimefurahi kwa mkono wa Impi. Usiku hauingii giza sasa na mimi silali, nimepaka rangi kibanda cha kuku ambacho hakina kuku.

Barua yako niliisoma nimesimama. Unasema alilivuta kila neno. Wewe umemsikia wapi? Nyumbani kwako hamna redio, wala santuri. Uliniandikia kwa ukali miaka ile mjukuu wako aliponunua gitaa. Wewe umemsikia wapi mwanangu akiimba, na mimi mama yake sijamsikia?

Kwa hasira hiyo nilivaa koti nikaenda kwa Rauno kwa miguu. Nikamwambia aniwekee santuri yao. Akauliza, “Una hakika, Mama Saimi? Inaanza kwa kishindo.” Nikasema mimi nimezaa watu, kishindo nakijua.

Si kweli. Sikukijua. Magitaa yalipoingia nilishika meza. Nilihisi kwenye meno. Nikamtazama Rauno nikidhani chombo kimeharibika, naye akatikisa kichwa kwamba hapana, ndivyo kilivyo. Halafu Tuomo akaanza. Sauti ilitoka chini kabisa, ya kukwaruza, na kwanza sikumtambua, nikaona aibu kwa kutomtambua. Kisha alifika mwisho wa mstari, na badala ya kuuachia akaushikilia, akaushusha kidogo, akauzungusha kabla ya kuuweka chini.

Eelis, huyo si mama yetu. Ni mimi. Wengine wote huuweka chini moja kwa moja. Unakumbuka mhubiri alivyokuwa akinitazama kwenye nyumba ya sala, kwa sababu kila mtu amekwisha kufunga mdomo na Saimi bado anauzungusha mstari? Mume wangu alikuwa akinikanyaga mguu. Tuomo alikuwa akikaa katikati yetu, miaka mitano, sita, ameegemeza sikio hapa ubavuni mwangu. Nilidhani analala.

Nilimwambia Rauno azime. Akazima. Akaniuliza kama imenikera. Nikachukua koti langu. Watu wa Kolombia wananiiga mimi, Eelis, na hawanijui, wala mimi sikujua.

Sasa niambie. Si kama mhubiri, kama kaka. Ulimsikia wapi, na aliomba au hakuomba.

Saimi


Cokato, 11 Julai 2009

Dada yangu,

Salamu ya Mungu. Viazi vimechanua. Impi anasema nikuandikie yote, la sivyo hatapika tena, na ujue chakula changu kilivyo.

Bendi ilikuwa na onyesho Minneapolis, nikampeleka Tuomo kwa gari langu ili tupate kuongea njiani. Nia yangu ilikuwa kumsubiri nje. Kulikuwa na baridi, na mlinzi wa mlango, jitu lenye michoro mpaka shingoni, akagonga kioo.

“Wewe ndiye mjomba wa Finland?”

“Ni mjomba. Nangoja hapa.”

“Mzee, ukiganda hapa, Tuomo ataniua. Ingia.”

Akanipa vizibo vya masikio, akaniletea kiti, akasimama mbele yangu ili nisisukumwe. Mimi, niliyehubiri mara ngapi kuhusu kumbi kama zile. Nilikaa mpaka mwisho. Hapa hakuna anayejua ila Impi.

Nililotarajia ni fujo. Walikuwa wameinamisha vichwa, Saimi, ukumbi mzima, wanaviinamisha na kuviinua polepole kwa pamoja. Nilishtuka kwa sababu haikunitisha. Nilitazama vile vichwa na mwanao akivuta mstari, nikashika ukingo wa kiti kama mtu aliye kwenye boti.

Wakati wa kurudi alikuwa amelowa jasho, amejifunika blanketi langu la gari. Akaniuliza, “Ulionaje, mjomba?”

Nikasema, “Kelele.”

“Na zaidi ya kelele?”

“Mwisho wa mstari unauchelewesha kama mama yako. Mtu anaweza kukosa basi.”

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa anamenya chungwa, ananipa vipande nikiwa naendesha. Nilikuwa tayari. Nilikuwa na maneno mdomoni njia nzima, nikapunguza mwendo makusudi ili njia iwe ndefu. Nikamwuliza kama kuna jambo linamsumbua moyoni. Alinipa kipande kingine, kisha akasema, “Hapana, mjomba. Leo hapana.” Akala chungwa lililobaki. Unajua utaratibu wetu kama ninavyoujua mimi: mtu hasukumwi.

Hakuomba, Saimi. Sikumwambia. Ndilo nililoshindwa kuliandika tangu Machi, na sasa limeandikwa na sina la kuliongezea.

Amani ya Mungu ikukalie,
Eelis


Petäjäkoski, 4 Agosti 2009

Kaka Eelis,

Salamu ya Mungu kwako na kwa wifi, na umwambie nimemshukuru.

Barua yako ilifika siku ya kukata nyasi. Niliisoma, nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Alpo alikuja, akanywa kahawa, akasema, “Leo imekuwa kali,” akaondoka kabla sijamwambia. Kabla ya hapo hakuwahi kuondoka mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda malishoni. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ya lile neno lako, leo hapana. Mtu anayesema leo hapana ana siku nyingine kichwani. Nililishika hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani, nikijua ni jani.

Rauno aliniwekea kiti pembeni ya jukwaa na vizibo vya masikio. Ilikuwa alasiri, jua kali, na watu wamejaa mpaka mtoni. Hakuna aliyeimba mahali pa Tuomo. Waliacha nafasi yake tupu na kupiga muziki tu, na ilipofika mahali pa maneno, umati wenyewe uliyaimba, kwa Kifini, wengine kwa matamshi ya ajabu. Mwisho wa kila mstari waliuzungusha. Maelfu ya watu, Eelis. Nilitoa vizibo.

Walipomaliza Rauno alishuka, fulana imemganda mwilini, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya kiti changu. Yeye pia ni mtoto wa nyumba ya sala, wazazi wake unawakumbuka. Ametoka muda mrefu kama Tuomo.

“Mama Saimi,” akasema, “mimi naomba. Nisije nikachelewa na mimi. Utaniambia?”

Nikamwekea mkono kisogoni nikamwambia sikioni: amini, dhambi zako zimesamehewa kwa jina na kwa damu ya Yesu. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika. Nilimshika mpaka akatulia.

Alipoinuka, nyuma yake alikuwa amesimama mtu mwingine, mnene, mwenye ndevu, kizibao kimejaa viraka. Ni yule wa Kolombia aliyeandika kadi. Hakuelewa lugha yetu. Nadhani aliona tu kwamba mama wa Tuomo anawashika watu vichwa, akadhani ndiyo desturi ya kuagana ya huku. Akapiga magoti akainamisha kichwa. Nikamtazama Rauno anisaidie.

“Hajui anaomba nini,” nikasema.

“Hajui,” Rauno akasema. “Lakini kapiga magoti.”

Nyuma yake walikuwa wengine. Walijipanga mstari bila kuambiwa na mtu, kimya, kama walivyosimama siku ile kwenye theluji.

Nikawaambia. Kila mmoja, sikioni, kwa Kifini, polepole kama ninavyojua. Jua lilishuka upande wa pili wa mto na bado wapo. Wewe ni mhubiri, unaweza kuniandikia kwamba si halali, kwamba asiyejua anachoomba hakuomba. Nakusihi usiniandikie. Nitakuambia tu nilichokiona. Mtu mwenye nywele ndefu akiinama mbele yako, nywele humwangukia usoni, na huoni uso tena, unaona kisogo tu na ile sehemu nyeupe ya shingo ambayo jua haliifikii. Wote wako hivyo, Eelis. Sikuweza kuwatofautisha. Nilimwambia kila mmoja, na kila mmoja alikuwa na shingo ya Tuomo.

Mkono unauma, naishia hapa. Amani ya Mungu,

dada yako Saimi